Vijana wa kusafisha stoo waliokuja kwa Mzee wangu Gongo la Mboto: nilicholipa, walichofanya vizuri na walichokosea

Naandika hii kwa wale wenye wazazi wazee ambao banda la uani limejaa mpaka mlango haufunguki, maana najua tuko wengi ila hatusemi, tunaona aibu. Mwezi uliopita tuliita kikundi cha vijana wanaofanya kazi ya kusafisha stoo na kuhamisha mizigo, wakapiga kazi kwa Mzee siku tatu, sa nataka niwaeleze ilivyokuwa, mazuri na mabaya. Jina lao siliandiki kwa sababu yapo malalamiko nitayatoa humu na nilishayamaliza nao wenyewe. Nyota nawapa nne kati ya tano, na hizo nne karibu zote ni za kijana mmoja, kiongozi wao, nitamweleza huko mbele.

Kwanza muijue hali yenyewe.

Mzee wangu ana miaka 74. Aliingia reli mwaka 1971 enzi za East African Railways, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 akaendelea na TRC, Shirika la Reli Tanzania, mpaka anastaafu, fundi wa karakana, mikono yake mpaka leo migumu kama ubao. Nyumba ya Gongo la Mboto kaijenga mwenyewe kidogo kidogo, na uani akaweka banda la mabati la kuhifadhia saruji na mbao wakati wa ujenzi. Nyumba ikaisha, banda likabaki, na kila kitu kilichoharibika ndani ya nyumba kikawa kinahamia bandani. Feni sita zisizozunguka. TV za chogo nne, mbili kati ya hizo zilikuwa nzima kabisa siku mitambo ya analojia inazimwa Dar mwisho wa 2012 na yeye akasema hizi watu watazirudia tu. Pasi za mkaa tatu. Fremu ya baiskeli ya Swala. Matairi kumi na moja ambayo hajawahi kuwa na gari la kuyavaa. Magazeti ya Uhuru yamefungwa kwa kamba za katani. Gunia zima la mifuko ya rambo, ile iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, yote imekunjwa vipembetatu vidogo vidogo kama sambusa. Bandani palipojaa akahamia darini, dari ya chumba cha wageni ikabonyea katikati, ukilala pale unaiangalia usiku kucha.

Watu wa mtaani walikuwa wanasema Mzee mchoyo. Si kweli na hilo ndo lilikuwa linaniuma zaidi. Ukienda kumwomba nati ya jiko saa nne usiku atavaa viatu aende na tochi akutafutie na hachukui hata mia.

Ili umwelewe inabidi ukumbuke walikopita. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70, baada ya Vita ya Kagera, mpaka katikati ya 80, nchi hii madukani hamna kitu, sukari unapanga foleni duka la kaya, sabuni unapanga foleni, mama yangu anatuhadithia walifulia majivu ya maganda ya ndizi. Mzee anasema kipindi hicho msumari ulikuwa hauuzwi, unaombwa. Halafu 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi, ya kukamata walioficha bidhaa, wenye vitu wakawa wanavitupa usiku wasikutwe navyo, anasema alipita asubuhi Buguruni akakuta katoni ya sabuni imetupwa mtaroni imelowa, povu linatiririka, na nyumbani kwake ana mtoto mchanga nepi hazina cha kufulia. Hiyo stori ameirudia mara nyingi na kila akiirudia anaangalia chini. Rais Mwinyi aliingia 1985 bidhaa zikarudi, mitumba ikaja, leo kila kona kuna duka la vifaa vya ujenzi, lakini mtu aliyewahi kupanga foleni ya kiberiti humwambii atupe boksi la kiberiti.

Na karatasi pia zina sababu yake. Wale waliofanya kazi Jumuiya ya zamani walidai mafao yao miaka na miaka, mnakumbuka wazee walivyokuwa wanalala barabarani Dar kudai. Aliyekuwa na barua zake za ajira alikuwa na cha kuonyesha, aliyezipoteza akawa anajieleza kwa mdomo. Mzee alikuwa nazo zote kwenye boksi la viatu vya Bata. Sa ukimwambia mtu kama huyo karatasi za zamani ni takataka, atakuonaje?

Mama alifariki 2015. Kabla ya hapo alikuwa anamzuia, anamwambia baba nanii hicho usiingize ndani, na anamsikia. Baada ya Mama kuondoka hakukuwa tena na wa kumwambia.

Sa kosa letu kubwa tulilifanya 2019. Mzee alisafiri kwenda msibani Tabora wiki mbili, mimi na wadogo zangu tukaona hii ndo nafasi, tukaita deiwaka watatu na Fuso, siku mbili tukalikomba banda karibu lote. Tukapaka chokaa. Tulidhani atafurahi. Alivyorudi alifungua mlango, akasimama kizingitini, hakusema neno, akarudi ndani akalala na viatu. Hakuongea na mimi miezi minne. Chakula anakula, salamu anaitikia, basi. Kwenye vile vitu kulikuwa na cherehani mbovu ya Mama tuliyoiuza kwa mnunuzi wa skrepa kwa bei ya chuma. Na ndani ya mwaka mmoja na nusu banda likajaa upya, safari hii na kufuli mbili, funguo anatembea nazo shingoni.

Nakuja kwenye huduma, lakini ngoja nimalizie kilichotufanya tuwaite. Mwaka huu mwezi wa pili Mzee aliingia bandani asubuhi kutafuta kitasa, milango miwili ya mninga aliyoiegesha ikamwangukia. Simu kaiacha ndani. Alilala pale chini kuanzia saa nne mpaka saa tisa mchana, mtoto wa jirani aliyefuata mpira ndo akasikia mtu anagonga bati. Kavunjika kiganja cha mkono wa kushoto. Ningeweza kumzika siku ile.

Hospitali daktari alivyosikia stori yote akatuuliza swali ambalo sikulitegemea, hii tabia imeanza sasa hivi uzeeni au alikuwa nayo zamani? Akatueleza kwamba mzee ambaye hakuwahi kuwa hivyo halafu ghafla akaanza kuokota na kulundika inabidi apimwe kichwa vizuri, inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa ubongo. Wa kwetu ni wa siku nyingi, na daktari akasema kawaida huwa hivyo, inaanza ujanani polepole na inazidi umri ukienda. Na kwamba tangu 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kimeitenga tabia hii ya kulundika vitu kama ugonjwa unaojitegemea, zamani walikuwa wanauchanganya na ule wa mtu anayerudiarudia kunawa mikono na kukagua milango. Akasema si kila mwenye vitu vingi ni mgonjwa, kinachoangaliwa ni je vyumba bado vinatumika, je anaumia, je yuko salama. Halafu akatuambia msimsafishie akiwa hayupo. Nikaangalia pembeni.

Basi hapo ndo nikaanza kutafuta watu wa kazi, rafiki yangu mmoja wa Tabata akanipa namba.

Nikawatumia wasapu picha nne. Wakajibu siku hiyohiyo, wakasema watakuja kuangalia kwanza bila malipo, nikakubali. Aliyekuja ni huyo kiongozi wao peke yake, kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, kavaa ovaroli. Nikaanza kumweleza pale getini, akanisikiliza kidogo akasema dada samahani, Mzee yupo? Akaenda akamwamkia, shikamoo Mzee, akageuza ndoo akakalia. Hakuangalia banda kabisa. Wameongea karibu saa nzima habari za karakana, injini za mvuke, nani alikuwa bosi, mimi nimekaa jikoni nahesabu muda na pesa. Mwisho nikasikia anamuuliza, "Mzee wangu, humu ndani kitu gani kikipotea kesho utaumia?"

Hakuna mtu amewahi kumuuliza Mzee hilo swali. Miaka yote sisi tulikuwa tunamuuliza hiki utupe lini.

Mzee akafikiria, akasema taa yangu ya reli, boksi la karatasi, na ile kabati ndogo ya mama yao. Basi. Kwenye banda zima la mita nne kwa sita vitu vitatu! Kijana akasema hivyo vitatu ndo vitatoka wa kwanza, vitaingia chumbani kwako na funguo unakaa nazo wewe, halafu vingine tutaviangalia pamoja, wewe umekaa kwenye kiti, hamna kitakachopita getini hujakiona. Mzee akanigeukia akasema huyu aje.

Bei aliyotupa ni laki nne na nusu kwa siku mbili, watu wanne na Kenta. Nililipa nusu kwanza.

Siku ya kwanza walichelewa, waliahidi saa mbili wakafika saa nne kasoro, Mzee kakaa na koti kuanzia saa moja na nusu anasubiri. Hilo niliwaambia na nalisema tena hapa, mzee akishajiandaa moyo wake kwa jambo zito usimcheleweshe, akipata muda wa kukaa anaanza kughairi. Ilibaki kidogo tu.

Walivyoanza lakini walijua kazi. Wametandika maturubai uani, moja vinavyobaki, moja vya kugawa, moja vya kuuza, moja vya dampo, na pembeni chini ya mwembe wakatandika mkeka wa ukindu kabisa, kijana akasema Mzee huu ni wa vile ambavyo bado unafikiria, hatukusukumi, vitakaa hapo. Mzee kwenye kiti chake katikati kama hakimu. Kila kitu kinaletwa mbele yake, na swali halikuwa tutupe au tusitupe, swali lilikuwa hiki kikienda kwa nani kitafanya kazi? Mwanzoni alikuwa anapeleka kila kitu kwenye mkeka. Saa nzima mkeka tu, nikasema hapa pesa imeliwa. Kisha ikaletwa seti ya spana za zamani, nzito, zina kutu juu juu, akazishika moja moja, halafu akasema kuna yule mtoto anaziba pancha pale kituoni, anatumia koleo kufungua nati, anaziharibu. Mpelekeeni. Kijana hakusema baadaye, hapohapo akamtuma mwenzie na bodaboda amlete yule fundi. Akaja mtoto wa watu mikono ina grisi, akapiga goti kupokea. Mzee akamfundisha pale pale ipi ni ya nati gani.

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Fremu ya Swala ikaenda kwa huyohuyo. TV moja ikaenda kwa jamaa anayetengeneza spika, anataka vipuri. Matairi yalichukuliwa na watu wa katambuga, na hapa nataka nisisitize, yalikuwa na maji ndani na viluwiluwi vya mbu vinacheza kabisa, na mnajua homa ya dengi ilivyotupiga Dar 2014 na 2019, mbu wake anapenda maji ya namna hiyohiyo, masafi ya mvua kwenye tairi au kopo. Wajukuu wanacheza pale uani kila likizo. Kama kwenu kuna tairi limelala, leo hii nenda kamwage maji yake.

Kitu ambacho sitakisahau ni kopo la Africafe, lile kubwa, limejaa misumari. Nikalishika nikaona zito, nikamwaga kidogo kiganjani. Misumari ilikuwa ya saizi zote, mingine ya inchi nne mingine ya bati, mizee, na kila mmoja una alama ndogo ndogo za nyundo ubavuni. Aliinyoosha. Msumari uliopinda ukitolewa kwenye mbao yeye jioni alikuwa anakaa anauweka juu ya kipande cha reli anaugonga taratibu mpaka unanyooka, mmoja mmoja, na nikakumbuka kabisa ile sauti, ting, ting, ting, mimi nikiwa darasa la pili nasinzia. Nilikuwa nadhani wababa wote wanafanya hivyo usiku. Makopo ya hivyo yalikuwa tisa. Mawili yamebaki, saba amempa seremala wa msikitini anayetengeneza mabenchi, na seremala kaja na benchi moja wiki iliyopita kama shukrani, lipo barazani.

Hicho kipande cha reli chenyewe kina urefu wa mkono hivi, ndo fuawe lake. Vijana wakakataa hata kukipima. Wakasema Mzee hiki hatugusi, chuma cha reli ukikutwa nacho kwenye gari ni kesi ya kuhujumu miundombinu, hakuna atakayetusikiliza kwamba ni cha zamani. Nikawapenda kwa hilo, wangeweza kukificha chini ya mabati wakauza. Kimebaki.

Sa malalamiko.

La kwanza ni pesa. Siku mbili zikawa tatu, wakataka laki moja na sabini zaidi, jumla laki sita na ishirini. Naelewa kwamba Mzee ndo alichelewesha, kila kitu kina stori na kijana alikuwa anasikiliza zote, na huko kusikiliza ndo nilikokulipia. Ila kama unajua unafanya kazi na wazee kwa namna hii, sema toka mwanzo kwamba inaweza kufika siku tatu au nne na siku ya ziada ni shilingi fulani, mtu ajipange. Kuambiwa jioni ya siku ya pili vitu vikiwa nje vyote na wingu limetanda si uungwana.

La pili ni mnunuzi wa skrepa waliyemleta. Kaja na mizani ya kuning'iniza, anapima chuma anaita kilo ishirini na moja, mdogo wangu anabeba hiyo hiyo anasema hii haipungui ishirini na tano. Tukaenda duka la vifaa vya ujenzi la jirani tukaazima mfuko mpya wa saruji, ule wa kilo 50 haujafunguliwa, tukautundika kwenye mizani yake. Ikasoma arobaini na nne. Jamaa akaanza kusema mizani imegongwa njiani. Tulimtoa, tukaita mwingine, na vijana waliomba radhi wakasema hawatamwita tena, lakini mteja asiyekuwa na mdogo wake mbishi angeibiwa. Ukiuza chuma chakavu nyumbani tafuta kitu ambacho uzito wake unaujua kabla hujauza, saruji, mchele wa kilo 25, chochote.

La tatu ndo lilinikera kabisa. Kulikuwa na madumu mawili ya oili chafu na betri tatu za gari zilizovimba. Mmoja wa vijana akalichukua dumu anaelekea nalo mtaroni kumwaga. Mtaro ule unapita nyuma ya kisima cha jirani! Nilipiga kelele mpaka Mzee akasimama. Betri zile zina asidi na risasi, mwenzake alikuwa anazirusha kwenye Kenta kama matofali. Hawakuwa na mpango wowote wa vitu vya hatari, mpaka mimi ndo nikapiga simu gereji ya rafiki yetu wakaja kuchukua oili na betri. Mtu anayejiita msafishaji wa stoo lazima awe na jibu la hilo kabla hajafika, maana hakuna banda la mzee wa kiume lisilokuwa na dumu la oili chafu.

Na vumbi. Walikuja na glavu nzuri ila hawana barakoa, na wakaanza kufagia mavi ya panya makavu, vumbi linapaa. Nikasimamisha, tukanyunyiza maji yenye Jik kwanza, tukaacha kidogo, ndo wakakusanya kwa koleo. Panya tulikuta viota vinne, na nge mmoja chini ya mabati. Nyoka hatukukuta, Mwenyezi Mungu ashukuriwe.

Kwenye magazeti pia ilibaki kidogo. Rundo la Uhuru lilikuwa limeshaingia kwenye turubai la kuuza, wauza vitumbua wanayanunua kwa ajili ya kufungia, kijana kiongozi akasema subirini, wazee huwa wanaweka vitu katikati ya gazeti. Akakaa chini akapekua moja moja, dakika arobaini hivi. Ikadondoka bahasha. Ndani picha ya Mama ana miaka kama kumi na tisa, amesimama stesheni ya Tabora na kitenge na viatu vya kuchuchumia, na sarafu saba za senti hamsini, zile za sungura, zimefungwa kwenye leso. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuiona hiyo picha. Mzee kaishika, akasema nilikuwa naitafuta toka msiba. Miaka kumi. Watu walikuwa wanamwona anapekua takataka.

Hapo jamani nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Kwa sababu Fuso ya 2019 ilibeba magazeti mengi kuliko hayo na hatukupekua hata moja.

Dampo zilienda trip mbili, Pugu Kinyamwezi, na niliwaomba wanitumie picha wakiwa wanashusha kwa sababu wapo wanaochukua pesa halafu wanamwaga porini njia ya Chanika, wakanitumia bila shida. Gunia la rambo nalo liliondoka, Mzee kabakiza rambo moja kwa ajili ya kuonyesha wajukuu. Darini walipanda siku ya tatu, walipita taratibu juu ya mbao na si juu ya dari yenyewe, wametoa mabomba, madirisha mawili ya chuma, masufuria ya Mama yaliyotoboka na ndoo. Waliangusha kioo cha karabai kikapasuka, wakasema wenyewe kabla hatujaona na wakakata elfu ishirini kwenye bili. Masufuria Mzee ameyapeleka kwenye turubai la vinavyobaki, na sikusema neno.

Kwa hiyo banda sasa halijawa tupu na sikutaka liwe tupu. Kuna shelfu mbili za chuma tumenunua Gerezani, makopo yamepangwa, milango ya mninga imelazwa chini na haiwezi kumwangukia mtu, tumeweka taa na waya mpya maana ule wa zamani panya walishautafuna mpaka shaba inaonekana. Njia katikati anapita na fimbo yake bila kugusa kitu. Kiti kinaingia. Funguo bado ziko shingoni kwake na zibaki huko.

Kuna aliyeniuliza kwa nini ulipe laki sita kwa vitu ambavyo deiwaka wangevibeba kwa laki na nusu. Deiwaka tuliwaita, nimeshawaambia kilichotokea. Hawa wamebeba vitu vichache kuliko deiwaka na Mzee hajaanza kujaza tena mpaka leo, wiki ya sita inaenda. Juzi alirudi kutoka matembezini nikamwona ameangalia kiti cha plastiki kilichovunjika mguu pale jalalani, akasimama nacho muda, akakiacha. Sisemi kapona. Daktari ametuambia tutegemee kurudi nyuma na tuendelee kumpeleka kliniki.

Ukiwaita, au ukiita wengine wa aina hiyo, mwambie yule kijana ndo aje, usikubali uletewe timu nyingine. Tajeni oili na betri mapema kwenye simu. Panga siku tatu na uziandikishe kwenye meseji pamoja na bei ya siku ya ziada. Mnunuzi wa skrepa tafuteni wenyewe. Na mzee awe na kiti kizuri chenye kivuli na chai yake, asiondoke pale, hata akienda msalani kazi isimame, hilo vijana walilifuata bila kukumbushwa.

Mkeka bado upo chini ya mwembe. Tuliufunika kwa turubai mvua isiingie, na kijana hupiga simu kila Jumamosi kumsalimia na kumuuliza vipi Mzee wangu, mkeka unasemaje, na hilo halipo kwenye bili. Wiki ya kwanza kulikuwa na vitu kama sitini. Feni nne zimeshaenda chuo cha ufundi, wanafunzi wanajifunzia kusuka mota. Jana nimehesabu vimebaki kumi na tatu, pamoja na kile kitasa alichokuwa anakitafuta siku ile.